SAT: kwa mwanafunzi wa Goma, hesabu si kizuizi pekee

Aprili 2024, chuo kikuu cha Harvard kilitangaza kurudisha sharti la mtihani wa SAT au ACT kwa wanaoomba nafasi. MIT ilikuwa imefanya hivyo tangu 2022. Hoja yao ni moja: alama husaidia kumtambua kijana mwenye uwezo anayetoka shule isiyojulikana.

Mashariki mwa Congo, hoja hiyo inakwama mapema. SAT inafanyika kwa Kiingereza, kwenye kompyuta, kwa saa 2 na dakika 14. Anayejikwaa katika nusu ya kwanza ya somo anapewa maswali mepesi zaidi katika nusu ya pili, na alama za juu kabisa zinamponyoka. Aliyesoma kwa Kifaransa akijiandaa kwa Exetat hesabu anazijua, lakini kuelewa swali kunamla dakika.

Mazoezi ya Khan Academy ni ya bure. Umeme na intaneti si vya bure. Kujiandikisha kunalipiwa kwenye mtandao, wakati benki za Goma zilifunga milango Januari 2025, M23 ilipouteka mji. Anayekwenda kufanyia mtihani Kigali anaongeza nauli na malazi.

Mlango mmoja umebaki. Kwa hali za pekee, Harvard inakubali matokeo ya mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari kwa asiyeweza kufikia SAT. Kwa hiyo Exetat, ambayo wengi huiona ni ya nyumbani tu, inaweza kuvuka bahari. Ni vyema mwanafunzi aeleze hali yake mapema.