Fungate Si ya Wafuasi

Wacha niseme hili mapema, kabla Desemba ifike na harusi zianze kugongana kila Jumamosi. Kama fungate ya kisiwani italipwa na mkopo wa simu, msiende. Bakini nyumbani, zimeni simu, pikeni pilau, laleni mpaka saa tano.

Najua wengine mtasema nina wivu. Hapana jamani. Nipeni tiketi ya Maldives leo, kesho mtanikosa. Lakini kila wiki inboksi yangu inajaa swali moja: "Dada, tuko na laki tatu, tuongeze ngapi ndio tufike Maldives?" Sijawahi kuulizwa, "Tumechoka na mambo ya harusi, tupumzike wapi?"

Hebu tuangalie neno lenyewe. Fungate asili yake ni saba. Kwa Waswahili wa pwani, zilikuwa siku saba za maharusi kukaa ndani, wakipikiwa na kuhudumiwa na watu wao, wakiachwa wazoeane. Siku hizi tunalipa hoteli itufiche mbali na watu, halafu tunajianika wenyewe. Chai inaelea kwenye bwawa ndani ya sinia, mayai yamepoa, na bwana harusi amesimama majini akipiga picha ya arobaini. Hapo mmezoeana saa ngapi?

Sasa twende kwa hesabu, maana hapo ndipo watu huumia. Hoteli nyingi za Maldives ziko peke yake kisiwani. Raha ya hiyo ni utulivu, na taabu yake pia ni hiyo hiyo: hakuna duka la jirani, hakuna kibanda cha chapati, kila chupa ya maji ni bei yao. Kutoka uwanja wa ndege wa Malé unahitaji boti au ndege ya kutua majini, na mara nyingi nauli hiyo haimo kwenye bei uliyoona. Ndege hizo huruka mchana tu. Ukifika usiku, utalipia mahali pengine pa kulala kwanza. Ongeza kodi ya utalii ya asilimia 17, ada ya huduma ambayo kwa kawaida ni asilimia 10, na kodi ya mazingira, dola 12 kwa kila mtu kila usiku kwenye hoteli hizo kubwa. Watu wawili, usiku 5, hiyo ya mwisho pekee ni dola 120. Bado hujala.

Kama roho imekataa na lazima iwe Maldives, kuna visiwa vya wenyeji kama Maafushi, vyenye nyumba za wageni za bei nafuu na boti za abiria. Ila hiyo ni nchi ya Kiislamu: pombe hakuna kwenye visiwa hivyo, na bikini huvaliwa ufuo uliotengwa tu. Jueni hayo mapema.

Na kwetu je? Manda iko ng'ambo tu ya mji wa Lamu. Chale iko Kwale, kusini ya Diani. Mimi na mume wangu tulilala usiku 4 Shela, punda wakipita chini ya dirisha, na siku 2 za kwanza simu yangu ilikaa ndani ya begi. Hakuna kazi iliyokufa. Chungeni msimu tu: kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari huwa tulivu zaidi. Mvua za masika na upepo wa kusi zikiingia, mambo hubadilika, na baadhi ya hoteli za Lamu hufunga kabisa mwezi wa Mei. Pigeni simu kwanza.

Kuna jambo hatulisemi, na ndilo linaniudhi zaidi. Wenzenu walichanga kwenye kamati ya harusi. Mama wa chakula bado anadai salio. Mwenye hema na viti anapiga simu haishikwi. Halafu anafungua mtandao anawaona mmelala kwenye kitanda cha kamba juu ya maji ya samawati. Huyo mama alinunua mchele kwa pesa yake, na ana karo ya kulipa Januari. Ukimlipa, enda hata mwezi mzima, mimi nitakuwa wa kwanza kupenda picha zako.

"Lakini ndoa ni mara moja!" Sawa. Kodi ya nyumba je? Hiyo inakuja kila mwezi, na mkopo wa simu haungoji mtoe mchanga kwenye viatu.

Kwa hivyo mnaooa mwaka huu, kaeni chini nyinyi wawili, bila kamati na bila mimi. Lipeni watu wa harusi, wekeni kodi ya miezi mitatu, halafu mtazame kilichobaki. Kikifika Maldives, safari njema. Kikifika Shela, karibuni. Kikiishia Naivasha, huko pia mlango wa chumba hufungwa kwa ndani.