Mchezo ukinunuliwa uwe mali ya mnunuzi

Wahenga walinena kuwa ya kale hayanuki. Siku hizi usemi huo umepata watetezi wasiotarajiwa: watu wazima, baadhi yao walimu na wazazi wenye heshima zao, wanaosaka mashine kuukuu za michezo ya video walizozichezea walipokuwa wanafunzi. Huzipangusa vumbi kaseti za plastiki, huondoa betri zilizovuja, kisha humtangazia kila aliye tayari kusikiliza kwamba michezo ya zamani ilikuwa bora kuliko ya leo. Vijana nao huwacheka. Huuliza ni vipi kioo kidogo cha rangi ya kijivu kitashindana na simu inayoonyesha hata jasho kwenye paji la mchezaji kandanda.

Nauingilia ubishi huu kwa kuwa naona pande zote mbili zimeliacha jambo lenyewe kando. Uzuri wa mchezo ni suala la ladha, na ladha haina hakimu. Ninalolililia mimi ni suala la haki. Mchezo wa zamani ulipokwisha kununuliwa ulikuwa mali ya mnunuzi, ilhali mchezo wa leo mara nyingi hukodishwa kwa jina la kuuzwa. Badiliko hilo linamhusu hata mtu ambaye hajawahi kuigusa mashine ya mchezo maishani mwake, kwani vitabu vya shule navyo vimeanza kuifuata njia iyo hiyo.

Kwanza tukubali ukweli. Si kila cha kale kilikuwa dhahabu. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ya Marekani iliuza mchezo uliotokana na filamu mashuhuri ya E.T., ambao ulitengenezwa kwa muda wa takriban wiki tano tu. Wanunuzi wengi hawakuupenda, na mwaka uliofuata shehena ya kaseti za kampuni hiyo ilifukiwa jaani katika mji wa Alamogordo, jimbo la New Mexico. Baadhi yake zilifukuliwa mwaka 2014. Wala uchu wa fedha haukuzaliwa jana. Mashine za Space Invaders, zilizotokea Japani mwaka 1978, zilimeza sarafu za vijana bila huruma, na kadiri mchezaji alivyoendelea ndivyo maadui walivyoongeza kasi hadi ashindwe na kutia sarafu nyingine. Anayeamini kuwa watengenezaji wa enzi hizo walikuwa malaika anajidanganya.

Hata hivyo, kati ya mashine hizo zipo zilizobeba hekima. Chukua mfano wa Game Boy, mashine ya mkononi iliyotolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mnamo Aprili 1989. Kioo chake kilikuwa na nukta 160 kwa 144 na vivuli vinne tu vya rangi. Hakikuwa na mwanga wake chenyewe, na aliyetaka kucheza usiku alilazimika kusogea karibu na taa. Wapinzani wake walikuwa na madoido zaidi. Atari Lynx ya mwaka uo huo na Game Gear ya kampuni ya Sega, iliyofuata mwaka 1990, zilikuwa na rangi nyingi na mwanga wa kutosha. Lakini zote mbili zilizimaliza betri sita kwa saa chache, ilhali Game Boy iliridhika na betri nne na kudumu kwa zaidi ya saa 10. Gunpei Yokoi, mhandisi aliyeongoza idara iliyoiunda, aliamini kuwa teknolojia iliyokwisha kuzoeleka na kushuka bei, ikitumiwa kwa ubunifu, humfaa mtu kuliko ile mpya iliyo ghali. Imani hiyo ndiyo iliyomwongoza mwaka 1980 alipounda michezo midogo ya Game & Watch kwa kutumia vioo vya aina iliyokuwa katika vikokotoo. Game Boy pamoja na ndugu yake ya rangi, Game Boy Color, ziliuzwa zaidi ya milioni 118 kote ulimwenguni. Mwanafunzi anayesoma ufundi au uhandisi katika nchi isiyo na fedha za kuchezea ana mengi ya kujifunza kwa bwana huyo.

Mchezo uliouzwa pamoja na mashine hiyo Marekani na Ulaya ulikuwa Tetris. Alexey Pajitnov, mtaalamu wa tarakilishi katika Chuo cha Sayansi cha Muungano wa Kisovieti mjini Moscow, aliubuni mwaka 1984 kwa mashine ambayo haikuweza kuchora picha, naye akayaunda matofali yake kwa alama za mabano. Mchezo huo ulipohamishiwa Game Boy ulitoshea katika kilobaiti 32. Picha moja tu inayopigwa kwa simu ya leo huhitaji nafasi kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Hapa kwetu wengi waliufahamu kupitia vile vidude vya bei nafuu vya miaka ya tisini, vilivyojigamba kwenye kifuniko kuwa vina michezo 9999, ilhali mingi ilikuwa ni uleule uliobadilishwa kasi.

Sifa iliyonivutia zaidi katika mashine hizo ni kwamba mchezo ulikuwa kitu cha kushikika. Mashine ya kwanza ya nyumbani iliyotumia kaseti za kubadilishwa, Channel F ya kampuni ya Fairchild, ilitoka mwaka 1976, na aliyeiongoza kazi hiyo alikuwa Jerry Lawson, mhandisi Mmarekani mweusi ambaye jina lake lastahili kutajwa madarasani. Tangu hapo mchezo ungeweza kuazimwa na jirani, kubadilishwa na mwenzio shuleni, kuuzwa ukichosha, au kurithiwa na mdogo wako. Hakuna aliyehitaji kumwomba mtengenezaji idhini. Ni kama wachezaji wa bao: wakishaununua ubao wenye mashimo 32 na kupata kete zao 64, hawamwendei tena seremala kumwomba ruhusa ya kucheza.

Matunda ya umiliki huo huonekana hata baada ya miaka mingi. Mnamo Desemba 2023, kijana wa umri wa miaka 13 kutoka jimbo la Oklahoma, Marekani, aliucheza mchezo wa Tetris uliotengenezwa na Nintendo mwaka 1989 kwa ajili ya mashine yake ya nyumbani, akaufikisha mahali ambapo programu yenyewe ilishindwa kuendelea na kukwama. Hakuna binadamu aliyekuwa anajulikana kufika hapo kabla yake. Ushindi huo ulipatikana miaka 34 baada ya mchezo kutoka kwa sababu kaseti ilibaki vile ilivyoundwa. Hapakuwa na mtu mwenye uwezo wa kuizima kutoka mbali.

Linganisha hayo na yanayotendeka sasa. Mchezo wa mbio za magari uitwao The Crew, wa kampuni ya Ubisoft, ulitolewa Desemba 2014. Hata aliyenunua diski yake dukani alihitaji kuunganishwa na mitambo ya kampuni kupitia intaneti ndipo aweze kucheza, ijapokuwa alikuwa peke yake chumbani. Mitambo hiyo ilipozimwa Machi 31, 2024, diski zile ziligeuka vipande vya plastiki visivyo na kazi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Machi 2023, Nintendo ilisimamisha uuzaji katika duka la mtandaoni la mashine yake ya mkononi ya 3DS, na michezo iliyokuwa ikiuzwa humo pekee ikakosa mahali pa kununuliwa.

Matokeo yake ni kupotea kwa kumbukumbu. Uchunguzi uliotolewa Julai 2023 na shirika la Video Game History Foundation la Marekani ulionyesha kuwa asilimia 87 ya michezo iliyotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena madukani. Maktaba zilipoomba kuruhusiwa kuwapa watafiti michezo kama hiyo kwa njia ya mtandao, bila wao kusafiri hadi ilikohifadhiwa, Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa mnamo Oktoba 2024. Tujiulize tungesema nini iwapo riwaya na tamthilia zilizoandikwa kabla ya mwaka 2010 zingetoweka kwa kiwango hicho, na msomi akaambiwa apande ndege ili kuzisoma.

Watetezi wa kampuni watasema kuwa mitambo hugharimu fedha, na kwamba hakuna mfanyabiashara anayeweza kulazimishwa kuiendesha milele kwa ajili ya wachezaji wachache waliosalia. Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Lakini hata paketi ya maziwa huandikwa tarehe ya mwisho wa matumizi. Mbona mchezo uuzwe kwa maelfu ya shilingi bila mnunuzi kuambiwa utazimwa lini? Isitoshe, kampuni inayoondoka yaweza kumwachia mnunuzi toleo linalochezeka bila mitambo yake. Jambo hilo halihitaji kuendeshwa milele. Hufanywa mara moja na kumalizika.

Wapo waliokwisha kuamka. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2024 inayomtaka muuzaji wa bidhaa za kidijitali amweleze mnunuzi wazi kwamba anapewa leseni tu, ikiwa hapewi umiliki kamili. Barani Ulaya, ombi la kuzuia michezo iliyouzwa isiharibiwe na watengenezaji wake lilipata saini zaidi ya 1,000,000 mwaka 2025. Sisi Kenya tunayo Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012. Wabunge wetu wangefanya jambo la maana wakiiangalia upya ili neno “nunua” liwe na maana moja sokoni Gikomba na katika maduka ya mtandaoni.

Najua baadhi ya walimu watanung’unika kuwa michezo ya video, iwe ya zamani au ya leo, huwapotezea wanafunzi wakati. Malalamiko yao si ya bure. Ila wangezingatia tofauti moja. Mchezo mwingi wa zamani ulikuwa na mwisho. Uliushinda, ukaurudisha kabatini, ukashika kitabu. Michezo mingi ya simu ya leo hutolewa bure, kisha hupangwa isiishe kamwe, kwa kuwa faida yake hutokana na mtoto kurudi kila siku na kununua vitu visivyoshikika kwa fedha za mzazi. Mtengenezaji aliyekwisha kulipwa hana haja ya kumng’ang’ania mteja. Kwa hivyo, mwalimu anayelalamikia wakati unaopotea anapaswa kuwa wa kwanza kudai mchezo unaouzwa mara moja na kumilikiwa.

Fauka ya hayo, suala hili limo darasani mwake tayari. Familia nyingi nchini husomesha watoto kwa vitabu vinavyotoka kwa kaka hadi kwa dada, na kwa vile vinavyonunuliwa vikiwa vimetumika. Kitabu kimoja cha karatasi chaweza kufundisha watoto wanne na bado kikauzwa. Kitabu cha kidijitali kinachotolewa kwa leseni huenda kisirithiwe, kisiuzwe, na kikatoweka siku leseni itakapokwisha. Nguo ya kuazima, tuliambiwa, haisitiri maungo. Mkuu wa shule anayetia saini mkataba wa vitabu vya aina hiyo yafaa aulize mapema: muda ukiisha, au kampuni ikifunga milango, shule itabaki na nini?

Ninyi wanafunzi, msiwacheke wazazi wenu wanapovishika vidude hivyo vya kijivu. Waombeni wavifungue, mtazame jinsi kazi kubwa ilivyofanywa kwa nafasi ndogo, kisha mjaribu kuunda mchezo wenu katika chama cha tarakilishi kwa masharti kama hayo. Nanyi mlio na mashine na kaseti za zamani, msizitupe. Zitoeni betri zisije zikavuja, mzihifadhi pakavu. Na sote tunapoenda kununua mchezo, kitabu au wimbo kwa njia ya mtandao, tuwe na desturi ya kuyasoma masharti kabla ya kulipa, na tukatae kulipa bei ya kununua kwa kitu tulichokodishiwa.