Mnywaji ni mmoja, wagonjwa ni nyumba nzima

Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Methali hii huwa tunaitumia tukizungumzia kifua kikuu, kisukari au ukimwi. Lakini kwa miaka ambayo nimekuwa nikitibu watu hapa Nairobi, sijaona ugonjwa unaofichwa kwa bidii kama ulevi. La kushangaza ni kwamba mara nyingi anayeuficha si mlevi mwenyewe. Mlevi hupita njiani akiimba na kila jirani akamsikia. Wanaohangaika kuufunika ni mkewe, watoto wake, na wakati mwingine mama yake mzazi.

Maoni yangu ni kwamba kificho hicho, ijapokuwa hutokana na mapenzi, ndicho kinachoupa ugonjwa nafasi ya kukomaa. Ndoa nyingi zinazovunjika kwa sababu ya pombe zingeweza kuokolewa iwapo jamaa wangeacha kuilinda siri na kutafuta matibabu mapema.

MGONJWA WA KWANZA

Watu hudhani kwamba daktari huuona ugonjwa wa pombe kwanza kwa mnywaji, akija na macho ya manjano na tumbo lililojaa maji. Hayo huja baadaye sana. Anayetangulia kufika kwetu aghalabu ni mke. Huja akilalamika kuumwa na kichwa kila siku, tumbo linalomchoma licha ya dawa, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi. Presha imepanda, naye hajafikisha miaka arobaini. Akipimwa malaria, hana. Akipimwa homa ya matumbo, hana.

Nikimuuliza, "Mama, nyumbani hamjambo?" hunyamaza kidogo. Kisha husema, "Ni sawa tu, daktari. Ni vile mzee huchelewa kurudi." Tukiendelea kuzungumza ndipo ninapofahamu kwamba kila usiku mama huyo hulala akisikiliza lango. Anajua kwa mlio wa viatu ikiwa ni usiku wa kuitiwa chakula, usiku wa matusi au usiku wa kipigo. Mwili wa binadamu haukuumbwa kukaa katika hali hiyo ya tahadhari mwaka baada ya mwaka. Dawa ya tumbo nitamwandikia, lakini chanzo cha ugonjwa wake nimemwacha nyumbani.

Baada ya mama huja watoto. Mvulana wa miaka minane aliyekwisha acha kukojoa kitandani huanza tena. Msichana aliyekuwa akishika nambari nzuri darasani huanza kusinzia masomo yakiendelea. Mtoto wa kwanza hugeuka mzazi wa pili: ndiye anayewafungia wadogo wake chumbani baba akianza kelele, ndiye anayeenda kumwomba mwenye duka unga wa mkopo. Watoto hawa wengi huamini kimoyomoyo kwamba wao ndio wanaomuudhi baba hadi akanywa.

HESABU YA CHUPA

Neno "kidogo" ndilo linalotupotosha. Hebu tulipige hesabu. Chupa ya bia ya nusu lita yenye kileo cha asilimia 4.2 ina karibu gramu 17 za kileo halisi. Kichupa cha robo lita cha pombe kali ya asilimia 40 kina karibu gramu 79. Kwa hivyo bwana anayeapa kwamba alikunywa "kichupa kimoja tu" amekunywa sawa na bia tano kasoro kidogo.

Ini la mtu mzima huondoa mwilini takriban gramu 7 hadi 10 za kileo kwa saa moja. Kahawa, supu na maji baridi haviliharakishi. Mtu aliyekunywa bia sita kati ya saa tatu na saa tano usiku bado ana pombe damuni saa kumi na mbili asubuhi. Anapowafokea watoto mezani kwa sababu ya kijiko kilichoanguka, au anaposhika usukani kwenda kazini, ni ile pombe ya jana inayofanya kazi.

Tena kuna hesabu ya mfuko. Anayetumia shilingi 300 kila jioni hutumia shilingi 9,000 kwa mwezi wa siku 30. Kwa jamaa nyingi mijini hiyo ni kodi ya nyumba, au ni karo ambayo mama analazimika kuikopa kwenye chama.

Huku kwetu pombe huzungumziwa sana watu wanapokufa kwa wingi. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa katika mitaa ya mabanda ya Mukuru hapa Nairobi baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Februari 2024 msiba kama huo ukaikumba Kirinyaga. Kila mara hufuata misako, mitungi ikamwagwa, kisha kimya. Lakini nyumba nyingi ninazozijua ziliharibiwa na pombe halali, iliyonunuliwa kwenye baa yenye leseni na kulipiwa ushuru. Ini haliulizi leseni. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kusemwa kuwa salama kabisa kwa afya.

YA CHUMBANI

Kuna jambo ambalo wanandoa huona haya kulitaja hata mbele ya daktari. Pombe nyingi kwa muda mrefu hupunguza homoni ya kiume na kudhuru mishipa ya damu na ya fahamu. Matokeo yake ni kwamba mwanamume hupoteza nguvu zake. Badala ya kulaumu chupa, wengi hulaumu mke. Hapo huweza kuzuka ugonjwa mwingine ambao madaktari wa akili wanaujua vyema: wivu usio na msingi. Bwana humshuku mkewe na mwenye duka, na dereva wa matatu, hata na mchungaji. Hupekua simu yake na kukagua nguo zake. Mke akikana huonekana anadanganya, na akinyamaza huonekana amekiri. Wivu wa namna hii ni hatari na umewahi kuishia kwa mauaji. Mama anayeuona usidhani ni ishara ya kupendwa.

Nisieleweke kwamba walevi ni wanaume pekee. Kina mama wanaokunywa wapo, nao hufichwa zaidi kwa kuwa aibu yao huhesabiwa mara mbili. Mwili wa mwanamke una maji kidogo kuliko wa mwanamume, kwa hivyo kiasi kile kile humdhuru upesi zaidi. Mja mzito hafai kuonja hata tone, maana pombe humfikia mtoto tumboni na yaweza kumwathiri ubongo maisha yake yote.

UONGO WA MAPENZI

Jumatatu asubuhi bwana hawezi kuamka. Mke hupiga simu kazini na kusema, "Amelala na malaria." Wengine huja kwangu kuniomba karatasi ya kumpumzisha. Mwisho wa mwezi mke hulipa deni la baa ili mume asiaibishwe. Wakwe wakija, watoto hufunzwa kusema baba ameenda safari. Kila moja ya hila hizi ina nia njema. Hata hivyo, zikijumlishwa pamoja humwonyesha mnywaji kwamba kunywa kwake hakuna gharama, kwa kuwa gharama yote inalipwa na mtu mwingine.

Sisemi haya kumlaumu mke. Mara nyingi mshahara wa mumewe ndio chakula cha watoto, na akisema ukweli huenda kazi ikapotea. Ndiyo sababu nawaomba waajiri pia: mfanyakazi anayenuka pombe kila Jumatatu apelekwe kutibiwa kabla ya kuandikiwa barua ya kufutwa. Anayefutwa hurudi kunywea nyumbani, na adhabu ikawaangukia watoto.

Kuna hila nyingine ambayo ni lazima niionye. Wapo wanaonunua dawa ya kuachisha pombe na kuitia kwenye chai au mchuzi bila mnywaji kujua. Moja ya dawa hizo, disulfiramu, humfanya mtu aliyekunywa pombe atapike, moyo umwende mbio na presha ishuke ghafla. Yaweza kuua, hasa mwenye ugonjwa wa moyo. Hutolewa na daktari, kwa mtu aliyekubali na ambaye hajaonja pombe kwa angalau saa 12. Ile inayouzwa na wachuuzi kwenye stani za mabasi ndiyo mbaya zaidi, kwani hakuna ajuaye imetiwa nini.

TUFANYEJE?

Kwanza, chagueni wakati. Usibishane na mtu aliyelewa; unabishana na chupa. Zungumza naye akiwa timamu, mkiwa wawili au pamoja na mtu anayemheshimu. Usimwite mlevi. Mtajie mambo yaliyotokea: "Ijumaa uliahidi kumpeleka mtoto kliniki, hukurudi."

Pili, mwombe ajiulize maswali manne ambayo madaktari wameyatumia tangu miaka ya 1980. Umewahi kuhisi kwamba unapaswa kupunguza pombe? Watu wamewahi kukuudhi kwa kukukosoa unavyokunywa? Umewahi kujuta kwa sababu ya kunywa kwako? Umewahi kunywa asubuhi ili kutuliza mikono au kuondoa uchovu wa jana? Anayejibu "ndiyo" kwa mawili na amwone daktari.

Tatu, na hili ni la uhai: mtu anayekunywa kila siku, ambaye mikono humtetemeka asubuhi, asilazimishwe kuacha ghafla nyumbani. Kati ya saa 6 na saa 48 baada ya kuacha anaweza kupatwa na kifafa. Siku ya pili hadi ya nne anaweza kuchanganyikiwa, akaona wadudu na watu wasiokuwepo, na wengine hufa. Jamaa hudhani amerogwa. Apelekwe hospitali, ambako atapewa dawa za kumtuliza na vitamini B1 ya kulinda ubongo, na baadaye ushauri na dawa za kupunguza hamu ya pombe.

Nne, asiyekunywa pia atafute msaada wake. Chama cha Alcoholics Anonymous kilianzishwa Marekani mwaka wa 1935, na mwaka wa 1951 jamaa za wanywaji wakaanzisha chao, Al-Anon, kwa sababu walitambua kwamba nao wanahitaji kupona. Hapa kwetu, nambari ya NACADA ya bila malipo ni 1192. Waambieni watoto waziwazi kwamba ugonjwa wa baba au mama haukuletwa na wao. Wala msiwatume kununua pombe. Sheria ya mwaka wa 2010 inakataza kuwauzia walio chini ya miaka 18.

Tano, pakiwa na kipigo, usalama hutangulia matibabu. Mama na watoto watoke kwanza, mazungumzo yafuate. Majeraha yapigiwe ripoti polisi na kujazwa kwenye fomu ya P3. Sheria ya kulinda jamaa dhidi ya ukatili wa nyumbani ya mwaka wa 2015 inakuruhusu kuomba mahakama imzuie mtu kukukaribia. Nambari ya 1195 husaidia katika mambo hayo, na 116 ni ya watoto. Pombe hueleza kipigo, haikihalalishi.

WAJIBU WA KAUNTI

Mnisamehe nikimalizia na wakubwa. Tangu Katiba ya mwaka wa 2010, leseni za baa hutolewa na serikali za kaunti, nazo hupata pesa kutokana nazo. Lakini mgonjwa wa pombe akitafuta matibabu, vituo vingi anavyovipata ni vya watu binafsi, na ada yake haiwezwi na mwananchi wa kawaida. Kaunti inayochukua pesa za baa inastahili kutenga sehemu yake ili kila hospitali yake kuu iwe na vitanda vichache vya kuwatibu wanywaji na mshauri wa kuzungumza na jamaa zao. Na sisi madaktari, tumuulizapo mgonjwa kuhusu presha na sukari, tuulize pia habari ya pombe, yake na ya nyumbani kwake.

Ulevi hutibika. Nimewaona waume walioacha na kurudi kuwa baba wa watoto wao, ingawa wengi wao walianguka mara moja au mbili kabla ya kusimama. Kuanguka huko si sababu ya kukata tamaa. Hata mwenye pumu hushikwa tena. Lakini matibabu hayawezi kuanza kabla ya mtu mmoja nyumbani kukubali kusema. Msomaji, ikiwa wewe ndiwe unayesikiliza lango usiku, njoo umwone daktari wako wiki hii. Ukiulizwa nyumbani kukoje, usijibu kwamba ni sawa tu.