Chanda Chema, Nani Atakiona?

Chanda chema huvikwa pete, walinena wazee. Lakini hawakutwambia chanda hicho kitalelewa wapi kabla ya kuonekana. Suala hilo lilizuka tena Oktoba 2025, zilipofika habari kutoka Warsaw, Poland, kwamba Eric Lu wa Marekani ameshinda mashindano ya piano ya Chopin, ambayo kwa kawaida hufanywa kila baada ya miaka mitano.

Ulimwengu ulimwona mshindi. Wachache walikumbuka kuwa alishindana papo hapo mwaka 2015, akiwa na umri wa miaka 17, akatoka wa nne. Mwaka 2018 alishinda mashindano ya Leeds, Uingereza. Miaka kumi hiyo si haba, na mpiga piano haikuzi mikono yake kwa kujifungia chumbani. Huikuza mbele ya watu.

Ndiyo maana katika miji ya Ulaya pakawa na maonyesho mafupi ya mchana, yanayowapa nafasi chipukizi. Kijana huketi peke yake. Hana okestra ya kumsitiri akikosea, na aghalabu hana hata karatasi ya noti mbele yake. Hupiga Beethoven, kisha Chopin, pengine na kazi ya mtunzi aliye hai. Saa moja haijatimia, keshainama kushukuru. Hakuna jaji wala alama. Upo ukimya tu, na ukimya huo ni mwalimu: watu wakianza kukohoa na kujigeuzageuza vitini, hujua hapo ndipo alipowapoteza.

Mfano mkubwa ulitolewa London wakati wa vita. Kumbi za muziki zilipofungwa mwaka 1939, mpiga piano mashuhuri, Bibi Myra Hess, alianzisha maonyesho ya mchana katika jumba la National Gallery, ambalo picha zake zilikuwa zimehamishwa kwa kuchelea mabomu. Kiingilio kilikuwa shilingi moja. Karani na askari waliketi pamoja, na wapigaji wasio na jina walipewa nafasi kando ya mashuhuri. Hadi Aprili 1946 yalifanyika maonyesho 1,698. Ikiwa mji uliopigwa mabomu uliweza kutenga saa moja ya kusikiliza, mji wenye amani una udhuru gani?

Nasi wa pwani tujipime. Piano si ala yetu, lakini tuna udi, kanuni na fidla. Taarabu ya Unguja kwa desturi hufunguliwa na bashrafu, muziki usio na mwimbaji. Wakati huo sisi tu katika kuamkiana na kutafuta viti. Tuzo humwendea mwimbaji, tena kwa wimbo tuujuao. Kijana apigaye taksimu nzuri hupita kama upepo wa dirishani. Tangu mwaka 2002 Unguja imekuwa na Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, na vijana wamefunzwa. Mafunzo yapo, basi. Kilichoadimika ni masikio.

Mcheza kwao hutuzwa, twasema. Na tuwatuze kwa kitu kisichotoka mfukoni: ukumbi mdogo, nusu saa ya jioni, kijana mmoja na udi wake, nasi tumenyamaza. La sivyo, tusilalamike siku wageni watakapomvika pete wao, kisha watuuzie tiketi za kwenda kumsikiliza.