Mitambo ya Kale Isiachwe Kuliwa na Kutu

Katika mji wa Nairobi, karibu na stesheni ya reli, iko nyumba ndogo ya makumbusho iliyofunguliwa mwaka 1971. Ndani mna taa za ishara, picha za wajenzi na vyombo vya mezani vilivyotumiwa na wasafiri wa zamani. Uani zimesimama injini za mvuke. Apitaye upesi husema, "Hili ni jaa la vyuma vikuukuu." Mimi naona asemaye hivyo hakutazama.

Na aitazame injini namba 5918, iitwayo Mount Gelai kwa jina la mlima wa Tanzania. Ni moja katika injini 34 zilizotengenezwa na kampuni ya Beyer Peacock huko Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956, kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki. Uzito wake wapata tani 250. Katika njia zote za reli zenye upana wa meta moja duniani, hapakuwa na injini za mvuke zilizozishinda hizo kwa nguvu.

Kazi yake ilikuwa ngumu. Toka Mombasa hata Nairobi njia hupanda zaidi ya meta 1,600, tena ina kona nyingi, na injini ndefu ya kawaida haiwezi kujikunja. Mwingereza mmoja, Herbert Garratt, alikuwa amekwisha kubuni dawa ya shida kama hiyo. Alilitundika pipa kubwa la kuchemshia maji katikati ya mitambo miwili yenye magurudumu, kila mmoja ukigeuka peke yake. Ni kama watu wawili wachukuao mzigo uliofungwa mtini: wafikapo penye kona, wa mbele hugeuka kwanza, na wa nyuma humfuata. Na kwa kuwa uzito umegawanywa juu ya magurudumu 28, reli haziumii. Mwanafunzi aweza kuyasoma hayo mara kumi asiyaelewe. Akisimama ubavuni mwa Mount Gelai atayaona kwa macho yake.

Katika injini zile 34, leo zimebaki 2 tu, hiyo na mwenziwe Mount Shengena, nazo zote zimo Nairobi. Nyingine zilikatwa zikauzwa kuwa chuma chakavu.

Wako watu waulizao, "Shule hazina madawati ya kutosha, nasi tutoe fedha kwa ajili ya injini zilizokwisha kazi?" Swali hilo si la kipumbavu. Lakini bei ya chuma chakavu huliwa mara moja ikaisha, na injini iliyotunzwa hufundisha watoto mwaka baada ya mwaka. Wala sisemi kila kikorokoro kiwekwe. Heri injini mbili zilizotiwa mafuta na kuezekewa paa, pamoja na mtu wa kuzieleza, kuliko ishirini zinazonyeshewa mvua. Maji yakituama ndani ya mabomba, chuma huliwa kwa ndani, na rangi mpya ya nje haiponyi kitu.

Kuna behewa moja pale ambalo wageni hulikimbilia kwanza. Ndimo simba alimomuua afisa wa polisi, Charles Ryall, mwaka 1900 huko Kima, naye alikuwa akimvizia simba yule yule akapitiwa na usingizi. Kisa hicho chasisimua, sikatai; ila simba hakujenga reli. Watu zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, wakafanya kazi pamoja na Waafrika, mpaka njia ikafika ziwani mwaka 1901. Hao nao wana haki ya kuulizwa habari zao.

Tena kuna jambo lisilongoja. Injini hizi ziliacha kazi ya kila siku zaidi ya miaka 40 iliyopita, na waliozichochea moto ni wazee sasa. Mzee ajuaye kwa sikio kwamba mvuke unavuja, akifa, hakuna kitabu kitakachomrudisha.

Basi, ninyi mlio karibu, mwombeni mwalimu awapeleke, maana kiingilio chenu ndicho kitakachonunua mafuta na rangi. Na aliye na babu aliyefanya kazi ya reli, amwulize sasa, aandike majibu. Ikiwa nyumbani iko taa au spana ya kale, na wenyewe wakubali kuitoa, ipelekwe makumbusho pamoja na karatasi yenye jina la aliyeitumia, mahali alipoitumia, na kazi aliyoifanya nayo.