Amana ya Mtafiti

Mtafiti wa shahada ya uzamivu anayekusudia kulinganisha elimu ya juu ya mataifa, awe ametoka chuo cha Ulaya au ameteremka kutoka Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hafiki Kisarawe, mkoani Pwani, mikono mitupu. Hufika na barua iliyoanzia Tume ya Sayansi na Teknolojia au chuoni kwake, ikapita mkoani, wilayani na kwa mtendaji wa kata, hata itakapomfikia mwenyekiti wa kijiji imekwisha kujaa mihuri. Nilipata kuketi juu ya mkeka, chini ya mwembe, pamoja na mtafiti wa namna hiyo na mzee mmoja wa Kizaramo, na baada ya shikamoo na marahaba, mzee aliitwaa hojaji, akaisoma kwa utaratibu mpaka ukurasa wa mwisho, akaikunja mara mbili, akasema: "Mwanangu, mwenzio aliyekutangulia naye aliniuliza kwa nini watoto wetu hawafiki chuo kikuu. Nilimjibu asubuhi nzima. Majibu yangu yako wapi?"

Kijana aliinamisha kichwa. Majibu yale, kama yalihifadhiwa, yamo katika tasnifu iliyoandikwa Kiingereza, katika rafu ya maktaba ambayo mzee hatapata kuikanyaga. Ndipo linapozuka suala ambalo naona limeahirishwa mno: je, ni haki kumtunukia mtu udaktari wa falsafa kwa maarifa aliyokopa kwa wananchi, kabla hajayarudisha kwao kwa lugha waliyomjibia? Mimi nasema si haki, na nasema hivyo nikizijua hoja za upande wa pili.

Tutazame kwanza ardhi yenyewe, maana pwani hii ni chuo cha ulinganisho kwa mwenye macho. Minaki, katika Kisarawe, ilirithi Chuo cha Mtakatifu Andrea kilichoanzia Kiungani, Unguja, ambako wamisionari wa Kianglikana wa UMCA (Universities' Mission to Central Africa) walianza katika karne ya 19 kwa kuwasomesha watoto waliokombolewa utumwani. Karibu na hapo, Pugu, Julius Nyerere alifundisha baada ya kurejea kutoka Edinburgh, hata alipoacha ualimu mwaka 1955 ili autumikie ukombozi wa nchi. Kibaha nayo ilizaliwa kwa mkataba: mwaka 1963 Tanganyika na mataifa ya Nordiki yalianzisha mradi wa kupambana na ujinga, umaskini na maradhi, wenye shule ya sekondari, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima, na mwaka 1970 mradi huo ukakabidhiwa serikali ya Tanzania, ukawa Shirika la Elimu Kibaha.

Lakini jambo linalonistaajabisha zaidi ya hayo yote ni kwamba katika eneo hilohilo moja la Kibaha ipo sekondari inayofundisha kwa Kiingereza, na kipo chuo cha maendeleo ya wananchi kinachofundisha kwa Kiswahili. Vyuo vya namna hiyo, vilivyoanza mwaka 1975, viliigiza vyuo vya watu wazima vya Skandinavia. Yaani wazo la kigeni lilivuka bahari, likavikwa lugha yetu, likakaa kwa fundi ujenzi, mshonaji na mkulima bila kuomba mkalimani. Mwenye kutafuta ushahidi wa ulinganisho wa mataifa, basi, hana haja ya kwenda mbali, ilhali swali la lugha lenyewe limekaa hapo likimngoja.

Wapo wasemao kwamba tasnifu hupimwa na watahini wa nchi za nje, na kwamba jina la chuo hupandishwa kwa makala yanayosomwa ulimwengu mzima. Kweli tupu, nami siombi tasnifu iachwe kuandikwa Kiingereza. Wengine hudai Kiswahili hakina istilahi. Hoja hiyo imezeeka, kwani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilianzishwa mwaka 1964, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekwisha kupokea tasnifu za Kiswahili. Walio na hoja nzito ni wanafunzi wenyewe, ambao posho zao huisha kabla ya uandishi kuisha, na kuwatwika mzigo mwingine pasipo nauli ya kurudi uwandani ni dhuluma. Kwa hiyo gharama hiyo iingizwe katika bajeti ya utafiti tangu siku ya kwanza, kama inavyoingizwa ya kuchapa hojaji, na wafadhili waikubali.

Kwani ninachoomba si kikubwa. Ni muhtasari wa kurasa ishirini kwa Kiswahili fasaha, uwekwe katika maktaba ya Kibaha na katika ofisi ya elimu ya Kisarawe. Kisha mtafiti, kabla ya kutetea tasnifu yake mbele ya maprofesa, aitetee kwanza katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hukutana kila baada ya miezi mitatu, na ambapo mzee yule wa chini ya mwembe ana haki ya kusimama, na kumwambia kwa adabu yote ni wapi hakuelewa alichojibiwa.