Mwalimu wa Wakubwa Naye Afundishwe

Juma hili nataka kukusimulia kosa langu mwenyewe, maana huenda nawe walifanya kila siku nyumbani kwako.

Hapa Ngana tuna darasa la watu wazima, jioni mbili kwa juma, watu wakisha kutoka shambani. Mimi karani wa parokia ndiye mwalimu wao. Nalisoma chuo cha ualimu, nami nalijiona nimekamilika. Jioni moja mama mmoja, mkulima wa kakao, alinijia na simu yake ya kitochi. "Mwalimu," akasema, "nitazamie kama fedha za kakao zimeingia." Nikaichukua simu, nikamwuliza namba yake ya siri, naye akaitaja kwa sauti mbele ya darasa zima. Nikabonyeza, nikamwambia salio lake, nikamrudishia. "Ndaga fijo, mwalimu," akasema. Nami nikarudi ubaoni nikijisifu moyoni.

Usiku usingizi ulinipaa. Mama yule alikuja na siri, akaondoka hana siri. Wala hakujifunza hata tarakimu moja. Nimemsaidia nini basi? Kazi niliyoifanya hata mjukuu wake angaliifanya.

Tafadhali angalia vema kosa hilo. Kutumia simu najua. Nisichojua ni namna ya kumfundisha mtu mzima aitumie mwenyewe. Kujua ni kazi moja, na kufundisha ni kazi nyingine. Chuoni tulifundishwa kufundisha watoto, na mtu mzima si mtoto. Ana haya, ana fedha zake, ana siri zake, na vidole vyake vimezoea jembe.

Wazee wetu walilijua neno hili. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kisha mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Chombo kipya cha siku zile kilikuwa redio. Watu wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Lakini kabla redio haijasema neno, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kwanza namna ya kuongoza mazungumzo. Redio peke yake isingalichimba choo hata kimoja.

Siku hizi chombo ni simu, na desturi ile haijafa. Walimu wa shule wana mpango wa mafunzo kazini uitwao MEWAKA, ambao huwakutanisha wafundishane wao kwa wao. Tena baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu waligawiwa walimu. Ni jambo jema. Lakini mwalimu wa jioni, ambaye mara nyingi ni mkulima au karani kama mimi, chombo chake ni simu yake mwenyewe, na mafunzo hayamfuati mlangoni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Basi nasi tumeinama. Tu walimu watatu wa vijiji vya jirani, nasi twakutana Jumamosi moja kila mwezi. Mmoja hufundisha, wawili hujifanya wanafunzi, kisha twamwambia kosa lake bila kumwonea haya. Mpaka sasa tumejiwekea sheria nne.

Kwanza, simu haitoki mkononi mwa mwenyewe. Mwalimu aonyeshe kwa kidole, asibonyeze.

Pili, namba ya siri haitajwi, hata kwa mwalimu. Mwanafunzi akiibonyeza, mwalimu ageuke.

Tatu, somo lianze na jambo alilo nalo mwanafunzi. Ujumbe wa fedha za kakao, wenye tarehe, kiasi na salio, ni kitabu tosha cha kusoma na kuhesabu.

Nne, tusome pia ujumbe wa wezi. Nani hajaletewa ule usemao, "Ile hela itume kwenye namba hii"? Twauandika ubaoni na kuulizana: ni hela gani? Nani ameiomba? Jina litokealo ni la nani? Asiyejua kusoma hawezi kuuliza maswali hayo, naye ndiye awindwaye.

Na yule mama? Kesho yake nalikwenda kwake kumwomba radhi, tukaibadili namba. Alibonyeza yeye, mimi nimempa kisogo, nikitazama migomba yake. Tulikosea mara mbili, tukaanza upya. Ilituchukua karibu saa nzima, kazi ambayo mimi ningaliimaliza kwa dakika moja. Mwisho akasema, "Sasa hata wewe huijui." Sijapata kusifiwa kuliko hivyo.

Kwa hiyo, kijana usomaye gazeti hili, bibi yako akikuletea simu, usimnyang'anye. Keti karibu naye, umwonyeshe, umngoje. Nawe mzee, usione haya kuuliza, maana kuuliza si ujinga. Na wewe mwalimu mwenzangu wa jioni, tafuta wenzako wawili, mfundishane. Asiyekubali kufundishwa, atamfundisha nani?